Bandari Aliyotaka Kuijua Ivan

Stechford, Birmingham
Jumapili, baada ya ibada

Mdogo wangu mpendwa Aida,

Salamu zangu zikukute umeketi, na mtu wa nyumbani akiwa karibu nawe. Kama uko peke yako, iweke barua hii chini kwanza, umwite jirani, kisha uendelee. Nakuuliza hali ingawa najua hali yenyewe ilivyo. Umelala? Umetia chochote tumboni? Presha yako inapimwa? Na hao wanaokuja kukaa nawe, wanakaa kweli, au wanakunywa chai na kuondoka? Mimi mwili ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo baridi ya huku haijapatana nalo mpaka leo.

Pole, mdogo wangu. Nilikupa pole kwa simu siku ya Ijumaa, lakini nilipoiweka simu mezani niliona kama sijasema kitu. Ivan alikuwa mume wako. Kwangu alikuwa shemeji, na kabla ya ushemeji alikuwa rafiki niliyebishana naye kila Jumapili uani kwetu Uvira, mpaka mama yetu anatutolea viti nje ya ua ili apumzike. Sijapata mtu mwingine wa kubishana naye namna ile. Huku watu wananikubalia haraka mno.

Barua hii anakuletea binti yako Sagesse mwenyewe kesho. Ninaiandikia jikoni. Sebuleni yuko yeye na akina mama wa kanisani, wameketi chini kwenye mkeka na kwenye mito ya makochi, wanaimba. Nasikia sauti yake kati ya sauti zao. Anaimba vizuri, amerithi kwa baba yake.

Ulinituma kazi moja, Aida, na sina budi kukurudishia jibu. Uliniambia, kaka, usimwambie kwa simu, wala usimwambie akiwa peke yake. Kusanya watu, mwache ale kwanza, aketi, ndipo umwambie kwa mdomo wako. Nilikuelewa vizuri kuliko ulivyodhani. Hili sijakusimulia hata mara moja: habari ya kifo cha mama yetu niliipata ndani ya basi, katika barabara ya Alum Rock, saa ambazo watu wamejaa na mifuko ya sokoni. Kijana mmoja wa ukoo alinipigia akidhani nimeshaambiwa, akaanza kunipa pole. Nilishuka kituo nisichokijua. Nikasimama mbele ya duka la nguo za harusi, nikiangalia vitambaa vya dhahabu, kwa sababu nilihitaji kuangalia kitu. Watu walinipita. Siku ile niliapa kwamba kama nitapelekwa kwa mtu na habari ya namna hiyo, sitaifikisha hivyo.

Ijumaa uliponipigia, Sagesse alikuwa ametoka kuwaaga wenzake wa yale mafunzo ya kupima maji yaliyomleta huku. Nilimpigia Papa Valère, mzee wetu wa kanisa. Alisikitika sana, lakini akasema watu hawakusanyiki usiku ule wala asubuhi yake. Nusu wako kwenye maghala, nusu wanalea wazee wa Kizungu, na zamu haziachwi hivi hivi. Akasema watakuwa kwake Jumamosi jioni, wote, na chakula. Mwalimu, akaniambia, mshike mtoto mpaka jioni, asisikie kwa mwingine. Ndege yake ni ya Jumatatu, nanyi mlikuwa mmesema mazishi yatamngoja. Na tiketi za treni ya kwenda Liverpool siku ya Jumamosi tulikuwa nazo tangu juma lililopita. Nikaona mambo yamejipanga. Nitamtembeza mgeni wangu kutwa nzima, mbali na watu wanaojua, kisha nitamfikisha kwa Papa Valère.

Kwa nini Liverpool, unajua mwenyewe, maana ulikuwepo Ivan alipomwagiza. Birmingham iko katikati ya nchi. Ukitaka kuona bahari, uelekee upande wowote, ni safari. Sagesse alinieleza siku aliyofika kwamba baba yake alimwambia asimletee shati wala viatu. Amletee habari ya bandari kubwa. Maisha yake yote ya kazi ameyapitisha akiandika mizigo pale Kalundu, bandari yetu ya ziwani, na kitu kimoja kilimkera: bandari za bahari, ambako maji yanapanda na kushuka kila siku, zinashikaje meli? Mimi niliwahi kumweleza kwa beseni na kipande cha ubao. Akanicheka. Alisema walimu wa jiografia wanaamini kila kilichochapishwa.

Jumamosi asubuhi nilishuka nikiwa nimeandaa maneno ya kumshawishi Sagesse aache simu nyumbani. Sikuyahitaji. Nilimkuta jikoni amekwisha kuvaa, na simu yake iko mezani kando ya sukari, imezimwa. Akasema leo hataki usumbufu, anataka kutazama tu. Nilishukuru moyoni kwamba njia imefunguka yenyewe.

Kisha akaja Fartun, jirani yangu. Huyu ni Msomali aliyekulia Nairobi, mjane kama mimi, na ulimi wake hauna likizo. Nilikuwa nimemwambia habari yenyewe usiku uliotangulia, akaniapia hatasema. Alituletea mahamri na chupa ya chai, akamwonya Sagesse kwamba nitamchosha. Huyu mwalimu, alisema, hata akiwasha birika lazima akueleze umeme umetoka wapi; ukifika huko mwambie, mzee, si unyamaze kidogo tuone hiyo bahari. Sagesse akacheka. Halafu Fartun akamkumbatia, akamshikilia kupita kiasi, na alipomwachia alijifanya anatafuta funguo zake. Nilimkazia macho. Sagesse alikuwa anafunga kamba za viatu, nikadhani hakuona.

Ndani ya treni alikaa dirishani. Nilimweleza mifereji ambayo watu wa Birmingham waliichimba ili wapate njia ya maji ya kufika baharini. Nilimweleza habari ya makaa ya mawe. Aliuliza maswali, Aida. Aliuliza swali, akangoja jibu, akauliza lingine lililotokana na jibu. Wajukuu zangu, watoto wa mwanangu Junior, wakija kutoka Aberdeen, nikianza kueleza wananijibu kwa Kiingereza kwamba sawa babu, na macho yako kwenye simu. Siwalaumu. Lakini nilikuwa nimesahau swali la kweli linavyokuwa.

Sasa nitakueleza bandari ilivyo, na nitaeleza kwa urefu, univumilie.

Mto wa pale, ufikapo baharini, ni mpana hata mtu aliye ng'ambo humtambui. Maji yake hupanda na kushuka mara mbili kila siku, kwa sababu mwezi unayavuta. Ziwa letu likipanda hupanda kwa mvua, na hukaa juu miezi. Haya ya Liverpool hupanda asubuhi na mchana yamekwisha kuondoka, na siku za mwezi mpevu tofauti kati ya juu na chini inafikia kimo cha nyumba ya ghorofa mbili na zaidi. Meli iliyofungwa ukingoni asubuhi ingelala upande kwenye tope kabla ya chakula cha mchana. Basi watu wa kale walichimba mabeseni makubwa kando ya mto, wakayajengea kuta za mawe, na katika mdomo wa kila beseni wakaweka milango miwili mizito inayokutana katikati kama viganja. Mto ukijaa, na maji ya nje yakawa sawasawa na ya ndani, milango inafunguliwa bila kupigana na chochote, na meli inaingia. Kisha inafungwa. Mto unashuka, tope linaonekana nje, lakini ndani maji yamebaki juu pale pale na meli inaelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Milango ile imechongoka kuelekea ndani, kwa hiyo kadiri maji ya ndani yanavyoisukuma, ndivyo inavyozidi kubanana. Mzigo wenyewe ndio unaofunga mlango.

Tulisimama juu ya daraja dogo tukayatazama hayo. Upande mmoja maji meusi yametulia, na ghala za matofali mekundu zimejiona ndani yake. Upande wa pili, chini kabisa, tope na ndege weupe wanaodonoa. Sagesse aliniuliza mara mbili kuhusu ile milango. Alitaka kujua nani anaifungua, anajuaje saa imefika, na ikiwa atakosea inakuwaje. Alinitazama mdomoni kama mwanafunzi wa mitihani.

Ghala zile siku hizi hazina mizigo. Ni mikahawa na maduka ya kumbukumbu. Tuliingia moja. Sagesse alichukua kofia ya bluu ya kibaharia, yenye kamba mbele, akaigeuza, akaishika kwa mikono miwili kwa muda. Nilijua ni ya nani. Nikajifanya natazama sumaku za friji. Aliirudisha kwenye rafu, akainyoosha kamba yake. Nilidhani ameona bei. Katika duka lililofuata alinunua mtandio mweusi, mtupu, bila nakshi. Nikasema vizuri, upepo wa ng'ambo ni mkali. Akasema ndiyo, mjomba, upepo.

Tulipanda feri ya kuvuka mto. Tulikaa juu, tukala mahamri ya Fartun. Yaani mimi nilikula, yeye alimega na kuwarushia ndege. Nilimwonyesha majengo na njia ambayo meli kubwa hufuata kuikwepa michanga. Hapo, Aida, kuna kitu nitakuambia baadaye kidogo. Acha nimalize siku.

Tuliporudi nilipendekeza twende stesheni, kwa maana jioni ilikuwa inakaribia. Yeye ndiye aliyeomba tufike bahari yenyewe, pasipo na ukingo wa pili. Kuna treni ndogo inayokwenda ufukweni kaskazini mwa jiji. Nilihesabu saa kichwani, nikaona tutawahi.

Ufukwe ule ni mpana na mtambarare, mchanga wa rangi ya uji wa ulezi. Na juu ya mchanga wamesimama watu wa chuma. Kuna mchongaji aliyewasimamisha huko, wengi sana, kila mmoja mbali na mwenzake, urefu wa binadamu, uchi, wameshika kutu. Wote wameelekea baharini. Hawaelekeani hata wawili. Maji yanapojaa yanawapanda magotini, kiunoni, wengine yanawafunika kabisa, kisha yanashuka na kuwaacha walivyokuwa. Sagesse alikwenda akasimama kando ya mmoja wao, naye akatazama walikotazama. Nilimfuata polepole na goti langu, nikianza kueleza chuma na chumvi vinavyolana.

Akanikatiza. Hajawahi kunikatiza. Alikuwa ameshatoa ule mtandio mkobani, akauzungusha kichwani, akaufunga nyuma kama mnavyofunga nyinyi.

"Mjomba," alisema, "niambie sasa."

Nikamuuliza nimwambie nini.

"Ulichotumwa. Nimengoja tangu asubuhi."

Nilimwambia hapa si mahali pake, kuna watu wanatungoja, kuna nyumba. Akasema hao watu atawakuta. Lakini hawezi kupanda ile treni na kukaa nami tena mpaka Birmingham, mimi nikieleza na yeye akiuliza. 

Basi nilimwambia. Nilivua kofia. Nilisema, "Sagesse binti Ivan, nimetumwa na mama yako. Baba yako ametuacha. Alianguka uani Ijumaa asubuhi akitoka kunawa uso, na hakuamka. Hakuteseka. Mama yako alikuwa naye." Nilisema yote uliyoniambia, kwa mpangilio ulionipa, sikuruka neno.

Ndipo alipolia. Alikaa kwenye mchanga uliolowa, akalia kwa sauti, kama tunavyolia kwetu, wala hakujizuia. Mimi sikuweza kukaa kwa ajili ya goti. Niliweka mkono mmoja begani kwake, na wa pili nikajishikiza kwenye bega la yule mtu wa chuma. Kwa mbali walikuja watu wawili na mbwa. Walipotuona walipinda njia, wakapita karibu na maji. Usiwaone wabaya. Huku heshima kwa anayelia ni kumpisha. Nilijua hilo, nikawaeleza hivyo wengi waliofika baada yangu. Lakini siku hiyo nilitamani waje.

Alipotulia kidogo ndipo aliponieleza. Alfajiri, kabla sijashuka, aliwasha simu akaona picha ya baba yake, na mshumaa umewekwa pembeni. Msichana aliyesoma naye sekondari ndiye aliyeiweka, hata hakumwandikia yeye; aliwaandikia watu wote. Sagesse aliitazama, akaizima simu, akaiweka kando ya sukari. Nilimuuliza kwa nini hakuniita, mimi niko juu ngazini tu.

Akasema, "Simu si mtu, mjomba. Nilikuwa sijaambiwa. Mtu ambaye hajaambiwa analia nini?"

Na alisema aliponiona nimeshuka na tai shingoni siku ya matembezi, alijua nimetumwa. Akaona akilia kabla sijasema, atakuwa ameninyang'anya kazi mliyonipa, na nyumbani itasemwa kwamba mjomba wake alishindwa. Kwa hiyo alinyamaza. Fartun alipomkumbatia alinyamaza. Kofia aliishika kwa sababu tangu atoke Uvira alikuwa ameshapanga kuinunua.

Unaona tulivyofanyiana, Aida. Mimi kutwa nzima namficha asije akabaki peke yake na habari ile, na yeye kutwa nzima amebaki peke yake nayo, hatua moja kutoka kwangu, akinisikiliza.

Sasa lile la kwenye feri. Nilikuwa nikimweleza michanga ya mtoni, upepo unapiga, yeye anauliza, na kwa muda, sijui mrefu kiasi gani, nilisahau kwamba Ivan amekufa. Nilisahau kabisa. Nilikuwa na furaha. Nilijiwazia kwamba nikirudi nitampigia Ivan nimwambie nimeiona milango kwa macho yangu. Nilikuwa nimefikia hapo ndipo nikakumbuka. Nataka ulijue hili kutoka kwangu. Ningeweza kumwambia Sagesse asubuhi, jikoni. Fartun angekaa naye upande mmoja na mimi upande mwingine, na sisi tungetosha kuitwa watu. Nilijiambia nampa mtoto siku moja zaidi ya kuwa na baba. Siku ile ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyeitaka. Nyumba yangu ina viti sita, Aida, na kilichobonyea katikati kwa kukaliwa ni kimoja tu.

Tulirudi kwa treni. Alilala begani kwangu kuanzia stesheni ya pili. Kwa Papa Valère walikuwa wamejaa mpaka ngazini, viatu vimefunika ukumbi, na kina baba wamesimama nje kwenye baridi. Nilipaswa kusimama kati yao na kutangaza. Nilisema tu kwamba ameshaambiwa, na mimi ndiye niliyemwambia. Hawakuuliza wapi. Walimpokea, wakamlisha kwa mkono, wakaimba. Kwa hiyo watu aliwapata, kama ulivyoniagiza, ila baadaye. Mkiulizwa nyumbani nani walikuwepo alipoambiwa, semeni ukweli: alikuwepo mjomba wake, na wale wa chuma.

Leo asubuhi, kabla ya ibada, alikuja jikoni akaomba kitu kimoja. Yale ya milango ya maji, alisema, alisikia lakini hakuyashika; alikuwa anauliza ili aje kumweleza baba yake kaburini, na kila nilichojibu kilipita. Akaniomba niyaandike. Ndiyo maana nimeeleza kwa urefu pale juu, nawe labda ulishangaa kaka yako amepatwa na nini, anamfundisha mjane habari za bandari. Sehemu ile si yako. Ni ya Ivan. Kabla hamjamfunika, au hata baadaye, udongo ukiwa bado haujakauka, mwache Sagesse amsomee, kuanzia pale mto unapofika baharini mpaka pale mzigo unapofunga mlango. Na mwambie nimekwenda mwenyewe nikaona. Beseni halikudanganya.

Nisalimie wote wanaokaa nawe, mmoja mmoja kwa jina lake. Fartun anakupa pole, na ametuma kitambaa, kimo ndani ya mkoba wa Sagesse. Kesho nikimwacha uwanja wa ndege nitarudi kwa treni, nitakunywa chai, nitakuwa salama, usiniwazie. Ila zamu yangu itakapofika, nakuomba, Junior asiambiwe kwa simu. Tafuteni mtu wa kumtuma. Sijui atakuwa nani, na Aberdeen ni mbali. Lakini mtafuteni.

Ndimi kaka yako, anayekushika mkono kutoka huku,

Barnabas